Aintree, Kiwanja cha Farasi Warukao

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kumwona punda akipanda mlima na magunia yake mgongoni, leo nataka tufunge safari pamoja mpaka kaskazini-magharibi ya Uingereza, tukawaone farasi wakikimbia na kuruka. Wengi wetu hatufugi farasi, kwa kuwa mbung'o aliwazuia wasienee katika sehemu nyingi za nchi zetu tangu zamani. Lakini mtu aliyewahi kumpakia mnyama mzigo anayo elimu ya kutosha kuielewa habari hii. Kwa hakika habari yenyewe ni habari ya mizigo, na ya watu wanaojaribu kupima mapema ni mnyama gani atakayefika kwanza.

Tutashukia Liverpool, mji mkubwa wa bandari kwenye mlango wa mto Mersey. Ng'ambo ya bahari, upande wa magharibi, iko Ireland. Njaa kubwa ilipoikumba nchi hiyo katika miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani, Waairishi maelfu kwa maelfu walipanda meli wakashuka bandarini hapa. Ndiyo maana mpaka leo Wakatoliki ni wengi Liverpool, na kanisa lao kuu la Kristo Mfalme, lililowekwa wakfu mwaka 1967, laonekana kutoka mbali: la mviringo kama hema, na juu yake lina taji. Kutoka katikati ya mji twapanda treni kwenda kaskazini, mwendo mfupi tu, tukashuka kituo cha Aintree. Ukivuka barabara, geti la kiwanja liko mbele yako.

MNARA MPAKA MNARA

Kabla hatujaingia, inafaa ujue jambo moja. Mbio za farasi ziko za namna mbili. Ziko zile za uwanda mtupu, ambazo farasi vijana hukimbia kwa kasi mwendo mfupi. Na ziko hizi za kuruka, ambazo farasi watu wazima hukimbia mwendo mrefu huku wakiruka viunzi na mitaro. Hizi za pili asili yake ni Ireland. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, katika wilaya ya Cork, mabwana wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile, mwendo wa kilometa 7 hivi. Walikata moja kwa moja mashambani, wakiruka ua na mitaro na kuta za mawe, na alama ya kuwaongoza ilikuwa mnara wa kanisa uliokuwa ukionekana mbele yao. Kwa hiyo jina la mbio hizi kwa Kiingereza lina maana ya kukimbilia mnara, hata leo ambapo hakuna tena mnara wa kukimbilia.

TUKIZUNGUKE KIWANJA

Basi tuingie. Kila mwaka mwezi wa Aprili hapa hukimbiwa mbio siku tatu, toka Alhamisi mpaka Jumamosi. Siku ya Jumamosi ndipo hukimbiwa ile kubwa kupita zote, iitwayo Grand National. Ya kwanza kutambulika rasmi ilikuwa mwaka 1839, na farasi aliyeshinda aliitwa Lottery.

Kiwanja kina umbo kama la pembe tatu, na viunzi vyake ni 16. Farasi hukizunguka mara mbili. Viunzi 14 huvirukwa mara mbili, na viwili vilivyobaki mara moja tu. Jumla ni 30. Usifikiri ni vijiti vyepesi kama vile vya wanariadha wetu shuleni. Ni kama ua nene, limefunikwa matawi mabichi ya msonobari, na kwa urefu vingi vyafika kifuani mwa mtu mzima au kupita kidogo.

Kiunzi cha sita ni kijito cha Becher. Kiliitwa hivyo kwa sababu Kapteni Becher alitumbukia hapo katika mbio zile za 1839. Ugumu wake ni huu: upande wa kutua ardhi iko chini kuliko upande wa kurukia. Farasi anyoosha miguu akidhani amefika chini, kumbe bado. Asiyejua kujitegemeza huanguka kwa pua.

Cha saba ni kifupi, wala hakimtishi mtu. Lakini mwaka 1967 farasi mmoja asiye na mpandaji alikata njia mbele ya kiunzi hicho, na wenzake wakamgonga. Kundi zima likasimama. Wengine walianguka, wengine waligeuka nyuma. Farasi aitwaye Foinavon, ambaye hakuna aliyemjali, alikuwa mbali nyuma. Mpandaji wake aliona upenyo, akapita, akaruka, akaenda zake peke yake akashinda. Bei yake ilikuwa mia kwa moja: aliyeweka shilingi moja alipata mia. Tangu siku ile kiunzi chaitwa kwa jina la Foinavon.

Cha nane ni Kona ya Mfereji. Mbele yake upo mfereji wa maji utokao Leeds kuja Liverpool, kwa hiyo farasi akisharuka lazima apinde kushoto mara moja kama mtu anayekata kona ya nyumba. Kisha warudi kuelekea kwenye majukwaa ya watu. Hapo ndipo penye kiunzi kirefu kuliko vyote, kiitwacho Kiti. Kina urefu wa meta 1 na sentimeta 57, na mbele yake pana mtaro wa karibu meta 2. Baada ya kukiruka, huruka dimbwi la maji, na mzunguko wa pili huanza.

Wakimaliza kiunzi cha 30, bado hawajafika. Imebaki meta 450 hivi za majani matupu, na katikati yake njia hupinda kama kiwiko cha mkono. Kwa farasi aliyekwisha kukimbia kilometa sita na zaidi, meta hizo ni ndefu kuliko zote alizopita. Zikumbuke, tutazirudia.

JINSI YA KUMPIMA FARASI

Asubuhi ya mbio utawaona watu wameshika magazeti, kila mmoja akichora alama kwa kalamu. Gazeti humwandikia kila farasi mstari wake: jina, umri, uzito atakaobeba, mpandaji, na mwalimu wake anayemzoeza. Pembeni mwa jina ziko tarakimu na herufi za mbio zake zilizopita. Tarakimu 1 ni kwamba alishinda, 2 alikuwa wa pili. Herufi F ni kwamba alianguka. Herufi P ni kwamba mpandaji alimsimamisha kabla ya mwisho. Ukiona mstari wenye F nyingi huhitaji kuambiwa zaidi.

Wapimaji wenye ujuzi hujiuliza maswali manne.

Kwanza, pumzi. Je, farasi huyu alikwisha kushinda mwendo mrefu, au ni hodari wa mwendo mfupi tu? Wako farasi wanaokwenda kama mshale kilometa tatu, na ya nne ikiwashinda.

Pili, kuruka. Je, huruka kwa akili, akipima hatua zake kabla ya kiunzi, au hujitupa tu? Mwenye kasi asiyejua kuruka hana kazi Aintree.

Tatu, ardhi. Mvua ikinyesha siku mbili, kiwanja huwa tope, na farasi mwenye kwato pana na nguvu za kuvuta hufurahi. Jua likiwaka, ardhi hukauka ikawa ngumu, na mwenye miguu myepesi ndiye afurahiaye. Farasi yule yule aweza kuwa wa kwanza wiki hii na wa kumi wiki ijayo, kwa ajili ya mvua tu.

Baada ya hapo watu huenda kwenye duara ambako farasi huongozwa polepole kabla ya mbio, ili macho yahakikishe yaliyosomwa. Manyoya yake yang'aa? Mapaja ya nyuma yamejaa? Atembea kwa utulivu, au anatokwa jasho na kurukaruka akizimaliza nguvu zake bure?

Swali la nne, nalo ndilo kubwa, ni mzigo. Katika mbio kama hizi farasi hawabebi sawasawa. Yuko afisa ambaye kazi yake ni kuchunguza yote waliyoyatenda, kisha kumpangia kila mmoja uzito wake. Aliyeshinda sana hubebeshwa sana. Aliye dhaifu hubebeshwa kidogo. Mpandaji akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa katika tandiko mpaka mizani ikubali. Hupimwa kabla ya mbio, na washindi hupimwa tena baada ya mbio, ili asipatikane aliyetupa risasi njiani. Shabaha ya afisa huyo ni kwamba, kama hesabu yake ni kamili, farasi wote wafike kwenye nguzo ya mwisho kwa pamoja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Husoma jina kubwa, husoma ushindi mwingi, na ule uzito ulioandikwa pembeni wakauruka kwa macho. Waswahili walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuone basi siku moja ambayo mzigo uliamua kila kitu.

SIKU YA 31 MACHI 1973

Jumamosi hiyo walitoka farasi 38. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu. Mbio zilikuwa ndefu kuliko za siku hizi, kilometa 7 na meta mia mbili na zaidi. Watazame pamoja nami waliokuwa wakizungumzwa.

Wa kwanza ni Crisp, farasi mkubwa wa rangi iliyokoza, aliyeletwa kutoka Australia. Uzito aliopangiwa ulikuwa wa juu kabisa, kilo 76. Mwalimu wake alikuwa Fred Winter, mtu aliyekuwa amekwisha kushinda Grand National mara mbili kama mpandaji na mara mbili kama mwalimu. Mpandaji wake alikuwa Richard Pitman. Juu ya kuruka hakuwa na shaka yo yote. Alikuwa akiruka kana kwamba achezea viunzi. Shaka ilikuwa moja: sifa yake kubwa ilikuwa ya mwendo mfupi, maana mwaka 1971 alishinda huko Cheltenham shindano la kilometa tatu na kidogo. Je, kilometa saba ataziweza?

Wa pili ni Red Rum, mzaliwa wa Ireland, umri wake miaka minane. Huyu alikuwa ameanza maisha yake kama farasi wa uwanda mtupu, na aliwahi kuugua ugonjwa wa kwato ambao huwamaliza farasi wengi. Mwalimu wake, Ginger McCain, alikuwa mtu wa kawaida aliyeuza magari na kuendesha teksi, na zizi lake lilikuwa nyuma ya duka lake la magari mjini Southport. Hakuwa na mashamba mapana ya kuzoezea farasi, kwa hiyo aliwapeleka pwani, wakakimbia mchangani na kutembea katika maji ya chumvi. Kwato za Red Rum zikapona. Uzito wake: kilo 66 kasoro kidogo. Mpandaji wake, Brian Fletcher, alikuwa amekwisha kushinda mbio hizi mwaka 1968.

Wa tatu ni L'Escargot, Mwairishi, mshindi wa kombe la dhahabu la Cheltenham mwaka 1970 na 1971. Naye alibebeshwa kilo 76 kama Crisp.

Wapimaji walikuwa watu wenye akili. Mwisho wa hesabu zao Crisp na Red Rum walilingana, tisa kwa moja kila mmoja, mbele ya wengine wote. Na wewe, msomaji, ungemchagua nani? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea.

Wakaachiwa. Crisp hakungoja mtu. Alishika njia mapema katika mzunguko wa kwanza, akaviruka viunzi vikubwa kama mtoto arukaye kamba. Kwenye Kiti, Grey Sombrero, farasi aliyekuwa karibu naye, alianguka akaumia, ikawa mwisho wa maisha yake. Crisp akaendelea peke yake. Katika mzunguko wa pili aliwaacha wenzake mbali sana, mpaka watu wakaanza kusema hakuna wa kumpata. Mmoja tu alikataa kukata tamaa: Fletcher, juu ya Red Rum, alianza kumfuata polepole, kiunzi baada ya kiunzi.

Crisp aliruka cha 30 akiwa bado mbele sana. Zikabaki zile meta 450 za majani. Hapo miguu ikaanza kukataa. Pitman alimgusa kwa mjeledi, naye Crisp akayumba kushoto badala ya kwenda sawa. Pitman mwenyewe alisema baadaye, na kwa miaka mingi, kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Farasi yule mkubwa alikuwa akitembea kama mlevi. Na nyuma yake kwato za Red Rum zilisikika zikija. Hatua chache kabla ya nguzo Red Rum alimpita, akashinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. L'Escargot alikuja wa tatu, nyuma yao urefu wa farasi 25.

Wakati wake ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9. Wakati bora kabla ya hapo uliwekwa na Golden Miller mwaka 1934, nao Red Rum aliupunguza kwa sekunde zaidi ya 18. Crisp naye aliupita wakati ule wa zamani, akiwa na kilo 76 mgongoni, na bado alishindwa.

Sasa rudi kwenye mizani. Crisp alibeba zaidi ya Red Rum kilo 10 na nusu hivi. Mama aliyetoka kisimani anajua kilo kumi ni nini: ni ndoo ya lita kumi imejaa. Mbebeshe mmoja wa wakimbiaji wawili ndoo hiyo kilometa saba, kisha uulize kwa nini yule mwingine amemshinda kwa hatua moja.

Na uthibitisho ulikuja upesi. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule farasi hawa wawili walikutana tena, huko Doncaster, safari hii uzito ukiwa sawasawa. Crisp alishinda kwa urefu wa farasi wanane.

Je, tuseme Red Rum hakustahili? La, hasha. Mwaka 1974 afisa wa uzito alimbebesha yeye kilo 76, mzigo ule ule uliomwangusha Crisp, naye akashinda tena. Mwaka 1975 akabebeshwa vile vile. L'Escargot, aliyepunguziwa kilo tano kuliko yeye, akamshinda. Mwaka 1976 akawa wa pili tena. Mwaka 1977, akiwa na miaka 12, alishinda mara ya tatu. Hakuna farasi mwingine aliyeshinda Grand National mara tatu. Alipoona mzigo umeongezwa aliubeba, na hiyo ndiyo sifa yake kuliko hata ule ushindi wa kwanza.

HABARI YA FEDHA

Pale Aintree, kandokando ya majukwaa, wamepangana watu wa kupokea dau. Wewe wamwekea farasi umpendaye. Akishinda wanakulipa, akishindwa fedha ni yao. Siku hizi kamari ya namna hii imefika mpaka vijijini kwetu, kwa njia ya simu ya mkononi. Kwa hiyo nakuomba uzipime hesabu za hapa Aintree kwa utulivu. Siku ile walikimbia farasi 38. Mmoja alishinda, na dau zilizowekwa ili wale 37 washinde zilipotea. Wapimaji waliosoma kila tarakimu wakamchagua Crisp walikuwa na sababu nzuri, wakapoteza. Mwaka 1967 waliosoma kila tarakimu walishindwa na farasi wa mia kwa moja. Na mwaka 1956 farasi wa Mama wa Malkia, Devon Loch, aliruka viunzi vyote 30, akawa mbele peke yake, kisha zikiwa zimebaki meta hamsini hivi akaanguka kwa tumbo mahali pasipo na kiunzi cho chote. Mpaka leo watu wanabishana juu ya sababu.

Kumpima farasi ni elimu ya kweli, tena ni furaha. Lakini elimu hiyo haimpi mtu ahadi. Mwenye ada ya shule mfukoni asidhani kwamba, kwa kuwa amejua kusoma mstari wa farasi au jedwali la mpira, ameshika ufunguo wa siku ya kesho.

AINTREE YA SIKU HIZI

Kiwanja kimebadilika. Ajali za farasi ziliwahuzunisha wengi, na baadhi ya watu husema mbio hizi zisiwepo kabisa. Wenye kiwanja walijaza na kuinua mtaro wa kijito cha Becher baada ya farasi wawili kufa hapo mwaka 1989. Tangu mwaka 2013 moyo wa viunzi si mbao ngumu tena, ni plastiki inayokubali kupinda. Idadi ya farasi, iliyokuwa 40, ilipunguzwa mwaka 2024 ikawa 34 wasizidi. Hatari imepungua, haikuisha. Na mwaka 2021 Rachael Blackmore wa Ireland, juu ya farasi Minella Times, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grand National.

Red Rum alikufa mwaka 1995, umri wake miaka 30, akazikwa pale pale Aintree, karibu na nguzo ya mwisho. Wageni wengi husimama hapo kidogo kabla ya kwenda kutazama farasi wa siku hiyo. Crisp hakushinda Grand National hata mara moja, lakini wazee wa Aintree wakianza kusimulia habari za mwaka 1973, jina lake hutajwa sawasawa na la mshindi.

Basi, msomaji mpenzi, ukisikia watu wakimsifu aliyefika kwanza, katika mbio au katika jambo lo lote, sikiliza kwa furaha, maana kufika kwanza si kitu kidogo. Kisha uulize swali lile la nne: kila mmoja alibeba kilo ngapi?